Karatasi ya Mtamba

Asubuhi familia ya dereva ilipomleta mtamba, Butiama ilikuwa na ukungu mwepesi, nao walitokea ndani yake polepole: kwanza pembe fupi, kisha mwanamke mwenye khanga mabegani, kisha dereva mwenyewe, kijana wa rika langu, ameshika kofia kwa mikono miwili. Hadi leo ninawaona hivyo, kama watu waliochorwa kwa chaki halafu mtu akapitisha kiganja juu yao.

Wiki tatu kabla, gari lake lilimgonga mama yangu pembeni mwa barabara, akitoka mashineni kusaga muhogo. Paja lilivunjika. Hospitalini Musoma walimfunga, kisha wakasema mfupa umekaa vibaya. Asipofanyiwa upasuaji Mwanza mapema, hatatembea tena bila kushikiliwa. Mama aliwasikiliza, akaomba arudishwe nyumbani kusubiri hadi pesa ipatikane.

Kwetu mtu akikuumiza bila kukusudia, ndugu zake huja na mnyama. Mkishampokea, mnasalimiana tena kama zamani. Mwanamke mwenye khanga, mama yake dereva, alipiga magoti kando ya mkeka wa mama.

"Dada, mtoto wangu amekuumiza. Sina la kusema."

"Inuka, dada. Ukikaa hivyo na wewe utavunjika, halafu nani atatuhudumia?"

Watu wakacheka, na kicheko kile kililegeza kila kitu. Mjumbe wetu wa nyumba kumi akasema basi iandikwe, ibaki kumbukumbu. "Msomi si huyu hapa? Aandike." Wote wakanigeukia.

Nilikuwa na shahada ya maendeleo ya jamii, na mwaka mzima wa kukaa kwa dada yangu, mtaa wa Nyasho mjini Musoma, nikituma barua za kazi zisizojibiwa. Hakuna aliyewahi kunihitaji niandike kitu. Mungu anisamehe, nilifurahi. Kalamu ilipogusa karatasi nilianza kuona mabaya yote yanayoweza kutokea: wale wakageuka, wakasema tuliwanyang'anya mtamba, wajukuu wetu wakaja kugombana. Nikaziba kila mlango. Niliandika kwamba pande zote mbili zimemalizana kikamilifu, na hakuna atakayemdai mwenzake chochote, mbele ya chombo chochote, sasa wala baadaye. Niliposoma kwa sauti, wazee waliguna kwa raha. Mama akaweka dole gumba, dereva akasaini.

Ninawazaga kila kitu isipokuwa kile kilicho mbele yangu. Dada yangu ndiye aliyeniuliza, siku niliporudi Nyasho, "Kwani lile gari halina bima?"

Lilikuwa nayo. Nilikataa habari ya wakili. Niliona mtu aliyesoma anaweza kujaza fomu mwenyewe. Nikakusanya ripoti ya trafiki, fomu ya polisi na vyeti vya hospitali. Na kwa kuwa niliogopa kuonekana ninaficha kitu, nikaambatisha karatasi ya mtamba.

Ofisa wa bima aliisoma mara mbili, bila haraka. Feni ilikuwa ikizunguka juu yake, na kivuli chake kilipita usoni kwake kama maji.

"Ndugu yangu, nyie mmeshamalizana."

"Hayo yalikuwa mambo ya kifamilia tu."

"Umeandika *chombo chochote*." Akanigeuzia karatasi. "Nani aliwaandikia? Kaandika vizuri."

Nilitoka nje. Ziwani makundi ya wale wadudu wadogo wa majini yalikuwa yamepanda juu ya maji kama nguzo za moshi, zinayumba, hazianguki. Nilitembea nikiziangalia, nikijiambia kwamba nimemlemaza mama yangu kwa sentensi moja. Nilipozinduka nilikuwa barabara ya Mukendo, mbele ya mlango wenye kibao cha wakili. Ndani, wakili mwenyewe, mama mmoja, alikuwa anakula hindi la kuchoma juu ya mafaili.

"Umesomea sheria?" aliuliza alipomaliza kusoma karatasi yangu.

"Hapana."

"Ndiyo shida. Umeandika kama aliyesoma." Akafuta vidole. "Barua nitakuandikia. Lakini kwa leo wakili hakusaidii, anayekusaidia ni dereva. Aandike kwamba mtamba alikuwa wa kuomba radhi, na habari ya matibabu hamkuizungumza kabisa. Na mama yako naye akubali."

Mama hakukubali. Nilipompigia simu, alinikatiza kabla sijamaliza. "Nimempokea ng'ombe wao mbele ya watu. Leo niende kumdai mtoto wa watu? Waacheni. Nitazoea fimbo."

Bunda, nyumbani kwao dereva, nilifika mchana. Ulikuwa msimu wa pamba. Nyuzi zilizodondoka kwenye malori zilikuwa zimenasa kwenye miiba kando ya barabara, kilomita nzima, kama miiba yenyewe ilikuwa imeota ndoto. Dereva alikuwa uani na mama yake, wakichambua pamba juu ya turubai. Tangu ajali hakuwa ameshika usukani.

"Mguu wake unaendeleaje?" aliuliza kabla sijakaa.

Nikaanza kueleza. Nilieleza bima, fidia, tofauti ya radhi na malipo, nikarudi nyuma, nikaeleza tena.

"Mwanangu," mama yake akanikata, "unaongeaga kama redio. Unataka nini?"

"Aandike kwamba mtamba hakuwa malipo ya matibabu."

Dereva aliiweka pamba chini. "Nikiandika, watanifunga?"

Ningeweza kusema hapana, akaandika haraka. "Wakili anasema kesi ya trafiki ipo tayari, na hii haiiongezi kitu," nilisema. "Lakini siwezi kukuapia."

Akamtazama mama yake. Yeye alikuwa anatoa jani kavu kwenye pamba, taratibu.

"Yule ng'ombe tulimpelekea nani?" aliuliza. "Si yule mama? Hao watu wa bima walikuwepo? Walikula ugali pale? Sasa wanaingiaje kwenye ng'ombe wetu?" Akanyoosha mkono. "Nipe simu."

Alimpigia mama yangu hapo hapo, akatembea nayo hadi mwisho wa ua. Sehemu kubwa sikuisikia. Nilisikia wakicheka, kisha: "Dada, nisikilize. Sisi tumeshapatana, hilo halirudi nyuma. Dai mguu wako."

Dereva aliandika mwenyewe, mistari mitatu, daftari likiwa gotini. Nilipomaliza kuisoma, mkono wangu ulikuwa tayari umetoa kalamu mfukoni, kuongeza wa nne. Nikaurudisha.

Barua ya wakili ilikwenda na mistari ile. Siku za kusubiri zilipita kama za mtu mwenye homa: naamka, naangalia simu, naangalia ziwa, sikumbuki nimekula nini. Ofisa alipopiga, alisema watalipia upasuaji, na mengine yatajadiliwa na wakili. Nilimwomba arudie. Akarudia.

Nilikwenda Butiama siku hiyo hiyo. Mama alikuwa mlangoni, mguu umenyooshwa juani.

"Lini?" aliuliza.

"Alhamisi, Mwanza."

Akalitazama paja lake muda mrefu. Kisha akaniagiza nikalitafute gauni lake la kitenge kwenye sanduku, nilipige pasi, na nisiiunguze kola.