Rufaa ya Shangazi

Kwenye kliniki ya wagonjwa wa nje walimwita Nusu Daktari, naye alishazoea. Alikuwa tabibu msaidizi: miaka mitatu chuoni, mwaka wa mazoezi chini ya waliomtangulia, mtihani, kisha leseni. Kazi yake ilikuwa kusikiliza, kupima, kuandika dawa, kushona vidonda na kutumbua majipu. Lililomzidi alipaswa kulipeleka kwa daktari. Daktari mwenyewe alikuwa mmoja kwa kliniki tatu, kwa hiyo foleni yote ilimwangukia yeye, na wakubwa wakauita upungufu huo utaratibu.

Asubuhi moja, katikati ya vikohozi na watoto wenye homa, aliingia shangazi yake, fundi cherehani aliyemlea tangu utotoni. Alikuwa amepanga foleni kama watu wote. Akafunga mlango mwenyewe, akateremsha bega la gauni.

"Kajipu tu," alisema. "Tumbua upesi, nimeacha nguo ya watu mashineni."

Tabibu alipeleka vidole kwapani. Uvimbe haukuwa na moto wala usaha. Ulikuwa mgumu, umeng'ang'ania ndani, hausogei. Alibonyeza tena, akitamani vidole vyake viwe vimekosea. Akamweleza taratibu kwamba hilo si jipu, kwamba lazima kichukuliwe kinyama kikapimwe, na kwamba angemwandikia rufaa ya hospitali kubwa saa hiyo hiyo.

Shangazi aliguna. Hospitali hiyo ndiyo iliyompokea kaka yake, baba wa tabibu, akitembea kwa miguu yake, ikamrudisha kwenye sanduku. Huko hakanyagi.

"Kisu unacho, ganzi unayo. Nimekufundisha kukata kitambaa ukiwa hata kusoma hujui. Leo kunikata mimi ndiyo huwezi?"

"Kukata naweza, shangazi. Kuutoa wote siwezi."

"Basi hawakukosea. Wewe ni nusu kweli."

Jioni tabibu alimfuata nyumbani. Alibembeleza, akafoka, akalia. Cherehani ilinguruma tu juu ya maneno yake.

Wiki kadhaa baadaye shangazi alirudi, akisindikizwa na jirani. Muuza dawa wa mtaani, asiyesomea lolote, alikuwa amekubali kumpasua. Kidonda kilikataa kufunga na kilinuka hata kupitia kitambaa. Mkono ulivimba hadi vidoleni. Sindano ya kushonea haishikiki tena.

Tabibu alikisafisha kidonda. Chuoni walimfundisha kukataa kazi iliyomzidi. Hawakumwambia kwamba mgonjwa aliyekataliwa humtafuta asiyejua kukataa.

"Andika hiyo karatasi," shangazi alisema akitazama ukutani. "Lakini unipeleke wewe."

Nje foleni ilifika getini, na hakukuwa na mwingine wa kukalia kiti kile. Tabibu aliandika rufaa, akapigia mstari neno "haraka", akamkabidhi jirani. 

"Haya, mwanangu," shangazi alisema, akijiinua kwa mkono mzima. "Watu wanakungoja."

Mlango ulipofungwa, tabibu alinawa mikono muda mrefu, kisha akamwita anayefuata.