Ladha ya Jembe

Mke wangu alikuwa mlaji. Nasema hivyo bila aibu, na yeye mwenyewe angecheka. Akirudi kutoka kwenye mikorosho alikula ugali wa muhogo kwa kisamvu cha karanga mpaka akalamba kidole gumba, kisha akauliza kama kuna ukoko. Baada ya dripu ya pili ya dawa ya saratani ya titi, mtu huyo huyo alikuwa anageukia ukutani akisikia tu mwiko unagonga sufuria.

"Kila kitu kina ladha ya jembe," aliniambia. "Hata maji."

Nilichemsha maji upya, nikayatia kwenye mtungi mwingine, nikamletea. Jembe. Nikabadilisha kikombe. Jembe. Sikuweza kukaa. Natoka jikoni, naenda barazani, narudi, nafunua chungu kana kwamba ndani yake kuna jibu.

Nesi wa hospitali ya rufaa alikuwa ametueleza wazi kabla hatujarudi Newala. Dripu ya tatu inategemea mwili. Uzito ukishuka zaidi na damu ikipungua, watamrudisha nyumbani bila dawa, na uvimbe hausubiri mtu. "Ale kidogo kidogo, mara nyingi," alisema. "Msimpe milima."

Lakini kwetu mgonjwa haendewi mikono mitupu. Kila aliyekuja alikuja na bakuli limefunikwa kitambaa: uji wa ulezi, supu ya kuku, mbaazi, wali. Na aliyeleta hakuondoka mpaka amwone mgonjwa ameonja, maana kukataa chakula cha mtu ni kama kumwambia humwamini. Mke wangu alikuwa na adabu. Alionja cha kila mtu kikiwa bado cha moto, harufu ya vitunguu ikimwingia puani, wageni wamekaa mkekani wanamtazama mdomo. Wakitoka tu, anatapika kwenye beseni. Ikifika adhuhuri alikuwa hoi kwa vyakula vya watu, na tumboni hamna kitu.

Nilitaka kufunga mlango. Mama yangu akaniuliza, "Uwafukuze watu, halafu akifa atazikwa na nani?" Nikauacha mlango wazi.

Tukashuka Masasi, kwa dada yake anayekaa Mkomaindo, ili tuwe karibu na barabara ya kwendea hospitali. Nilidhani kule mabakuli yatapungua. Hayakupungua. Ila alikuja pia mama mmoja wa Kiyao, muuza vitumbua, ambaye kwa ukoo wa mke wangu ni mtani. Mtani haogopi ugonjwa wala msiba. Hata hodi yake ilikuwa ya ugomvi.

"Yuko wapi huyo maiti anayekataa chakula?"

Dada akashika mdomo. Mke wangu akafungua jicho moja. "Umefuata nini, mchawi wewe?"

"Nimefuata hilo shuka. Ukifa nalichukua, dada yako asijisumbue kulifua. Na panya, kitoweo chenu, umewaachia nani? Wamezaliana mpaka wanapanga vyumba hapa mjini, kwa sababu mlaji wao amelala."

Mke wangu alitoa sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwa muda mrefu. Alikuwa anacheka, japo kicheko kilimuumiza kifuani. Yule mama akavuta sahani ya wali iliyopoa kando ya kitanda, sahani niliyombembeleza nayo asubuhi nzima, akaanza kula. Akala kwa kelele. Hakumtazama mgonjwa hata kidogo.

"Chakula changu hicho," mke wangu akasema.

"Chako? Mbona nimekikuta kimekaa peke yake kama yatima?"

Mke wangu akanyoosha mkono, akachota punje chache kwa vidole. Akatafuna. Akachota tena. Nikataka kusema neno, yule mama akanikata jicho.

"Na wewe shemeji umekonda kama ufito. Mnamzunguka mwenzenu kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nani anaweza kula hivyo? Wewe umekula naye lini?"

Sikuwa nimekula naye. Tangu augue nilikula jikoni nimesimama, nikiona vibaya kushiba mbele yake. Na hata kabla ya hapo, kwetu wanaume hula na wanaume. Kwa miaka yote ya ndoa yetu sikumbuki kutia mkono sahani moja na mke wangu, labda shambani, mvua ikiwa imetubana kibandani.

Basi tukaanza kula barazani, upepo ukiondoa harufu ya jiko. Sahani moja ndogo, chakula kimepoa. Kipande cha boga. Ming'oko, ile mizizi ya porini, iliyochemshwa mapema, tunaimenya kwa meno tukichovya chumvi. Maji ya ukwaju yalimsafisha kinywa kidogo. Mpita njia mmoja akatuuliza kama tumeoana juzi. Mabakuli ya wageni dada aliyapokea mlangoni, na mtani akaonja kwa niaba ya mgonjwa huku akilalamikia chumvi. Hakuna aliyekasirika, mtani utamkasirikiaje? Zilikuwepo siku zilizokataa kabisa. Alishika tonge, akalirudisha, nami nikaendelea kula kwa sababu alitaka niendelee.

Siku ya hospitali alivua kandambili akapanda mzani. Nesi akatazama, akaandika, akatupeleka maabara. Tukasubiri kwenye benchi. Nikasimama, nikaenda dirishani, nikarudi. Mke wangu akanivuta shati. "Kaa, unanichosha."

Nesi akatoka. "Uzito haukushuka, baba. Damu inatosha. Anaingia."

Alipata dripu ile, na nyingine baada yake. Hazikumponya. Alifariki korosho zilipoanza kudondoka, na sitamdanganya mtu kwamba chakula kinashinda saratani.

Lakini tulipokuwa tunarudi kutoka kwenye dripu ya tatu, basi lilisimama Nanganga, wauzaji wakakimbilia madirishani. Nilitazama mbele tu, nisimtie kichefuchefu kwa kumuuliza kama atakula. Akanigusa goti.

"Muulize yule mama kama mahindi yake ni ya leo."

Nikauliza. Yalikuwa ya leo. Akala taratibu upande mmoja wa hindi, basi likiwa limeshaondoka, kisha akanipokeza bila kunitazama, nami nikang'ata pale pale alipoishia.