Hodi kwenye Nyumba Tupu

Yule ajenti wa nyumba alikuwa na tabia moja iliyomchekesha Perez mwanzoni. Hakuingia nyumba yoyote bila kupiga hodi, hata ikiwa tupu. Alipangusa viatu kwenye nyasi, akagonga mlango kwa vidole viwili, akaita “Hodi!” na kungoja kidogo. Ndipo alipotoa funguo zake alizozifunga pamoja kwa kamba ya kiatu. Ndani hakusifu kitu. Alifungua mifereji yote akasikiliza maji yakija, kisha akapitisha kiganja ukutani polepole, kama mtu anayempima mtoto homa. Nyumba mbili nzuri walizikataa kwa sababu ya kiganja hicho. Alimwambia Perez: “Hii ina unyevu, Mama Lorraine. Itakusumbua. Twende.”

Perez alimshukuru Mungu kwa kumpata mzee huyo. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa amepanga nyumba mtaani Kapsoya, ambako mwenye nyumba alikuwa na ufunguo wake mwenyewe na aliingia alivyotaka, hata watu wakiwa mezani. Siku ya kukabidhiwa vila waliyonunua Kimumu, penye miti na kimya hadi unasikia ndege, mzee alimpa funguo na kubaki nje. Watoto walikuwa wanakimbia vyumbani, Perez yuko jikoni, aliposikia vidole viwili. “Hodi!” Mlango ulikuwa wazi kabisa. Mzee alisimama pale nje, kofia mkononi, viatu vimepanguswa, akingoja. Perez alitoka jikoni, akaja mlangoni.

“Karibu, Mzee,” akasema. “Karibu kwetu.”