Amido ya Kambo na Kola ya Mama

Mwezi uliopita nilirudi Kamina, mji wa utoto wangu, na katika mkahawa karibu na stesheni ya treni nikaletewa bukari, yaani ugali wa kwetu, iliyopikwa asubuhi na kufungwa kwenye plastiki. Kufikia alasiri ilikuwa ngumu pembeni, imepasuka katikati, na chini yake imetoa jasho. Mhudumu aliisifu kuwa ni bukari ya kisasa. Chakula kilichoshindwa hata kushika maji yake chenyewe, rafiki yangu, kinajisifu kwa lipi?

Usione haya kama hujui kwa nini bukari hufanya hivyo, tutakwenda taratibu. Unga wa muhogo au wa mahindi umejaa chembe ndogo mno za wanga, na ndani ya kila chembe kuna nyuzi zilizokunjwa na kubanana. Katika maji baridi chembe hazifunguki, zinazama tu. Maji yakipata moto zinakunywa na kuvimba, nyuzi nyingine zinatoka nje, na uji unakuwa mzito. Ukiuacha upoe, nyuzi zilizonyooka zinatafutana, zinajipanga upya na kuyafukuza maji. Ndilo lile jasho. Chuoni walinifundisha hayo kwa maneno marefu sana. Kambo, yaani nyanya yangu, alikuwa amekwisha kunifundisha kwa beseni.

Alikuwa akikuna muhogo, akiukamua ndani ya kitambaa, kisha anatukataza kuligusa beseni. Maji meupe yalitulia mpaka yakawa safi, na chini kukabaki tope jeupe lililotoa mlio ukilibana kwa vidole. Yeye aliliita nguvu ya muhogo. Likikauka, ndiyo ilikuwa amido, wanga wa kukazia nguo zetu, maana katika mtaa wetu wa walimu na makarani hakuna aliyekwenda kanisani Jumapili na kola iliyolala.

Mwalimu wetu wa darasa la sita aliidharau amido hiyo. Alikuwa na chupa moja ya iodini, na siku alipodondosha tone juu ya kipande cha muhogo kikageuka bluu nyeusi, alitutazama kama vile muhogo ameuumba yeye.

“Hii njo amidon,” alisema, yaani hii ndiyo amidon, wanga kwa Kifaransa. “Bamama benu banasema tu amido, lakini habajue ni nini.”

Kisha akatuandikisha kwamba maji ya moto huyeyusha kila kitu: sukari, chumvi, amidon. Niliandika kwa mwandiko mzuri, nikarudi nyumbani nikamwambia kambo kwamba yeye hajui amidon. Alicheka mpaka akashika kiuno.

“Ile ya Mwalimu,” aliuliza, “inasimamishaka kola?”

Wiki ileile mama aliitwa mbele ya kamati ya shule. Kwa miaka alikuwa akishika madarasa ya walimu wagonjwa bila kuandikishwa. Sasa darasa la tatu lilikuwa wazi, na waliolitaka walikuwa wengi. Alikuwa na blauzi moja tu nyeupe. Asubuhi hiyo kambo alikuwa shambani, kwa hiyo mama aliniomba mimi nipike amido.

Nilifungua daftari langu, mjinga mimi. Nilichemsha maji juu ya mbabula, jiko letu la makaa, yakatokota, nikatupia konzi nzima ya unga mkavu wa amido. Ukawa madonge papo hapo. Kila donge liliiva upande wa nje na kujifungia mlango, ndani likabaki kavu kama vumbi. Bado niliichovya blauzi, tena nikaipiga pasi ya makaa. Madonge yakapasuka, yakaungua, yakaacha magamba ya kahawia juu ya kola.

Mama alitoka kuoga, akaiona, akakaa kizingitini. “Saa tano banangoja miye,” alisema polepole. Ilikuwa inakaribia saa tatu.

Kambo akaingia na sombe, majani ya muhogo, kichwani. Alitazama sufuria kwanza, kisha mimi.

“Nani alikufundisha kutupa bunga mu moto?”

“Mwalimu.”

“Mwalimu anapikaka?”

“Hapana, kambo.”

“Ee. Njo maana.”

Aliisugua kola mpaka magamba yakatoka. Kisha akaweka unga kwenye bakuli, akaukoroga kwa vidole na maji baridi mpaka ukawa kama maziwa. “Kwanza baridi, mama. Ijuane na maji mbele ya moto,” aliniambia; wajukuu wake wa kike alituita sote mama. Akamimina maji yaliyochemka kidogo kidogo, huku akikoroga, mpaka yale maziwa yakawa ute unaopitisha mwanga. Nilitaka kuurudisha motoni, akanipiga mkono. “Acha! Ukiitesa sana, inalegea.” Blauzi aliipiga pasi ikiwa bado na unyevu, na mama akaondoka karibu anakimbia.

Mwalimu wetu alikuwemo katika kamati. Mama alitusimulia kwamba aliitazama kola kwa muda mrefu, mwisho akauliza: “Madame, amidon hii mulinunua Lubumbashi?”

“Ni ya muhogo, Mwalimu. Mama yangu njo alitengeneza.”

“Haiwezekane,” alisema, na jirani yake kwenye meza akaanza kumcheka.

Mama alipewa darasa. Alirudi analia na kucheka kwa pamoja, na sisi watoto tukamrukia. Kambo hakuuliza kamati ilisema nini.

“Kola ilisimama?”

“Ilisimama, mama.”

“Basi,” akasema, akaendelea kutwanga sombe.

Leo katika mtaa ule wanaanika mashati ya nailoni yanayoning'inia kama ngozi ya nyoka, na wanajivunia kwamba hayahitaji pasi. Watoto bado wanaandikishwa neno amidon. Hata lile tone la iodini hawalioni. Nilipita ua baada ya ua, sikuona beseni hata moja lenye maji meupe yanayotulia. Na mimi ninayewacheka wote hawa, ninayelipwa kufundisha tabia za wanga, sikumbuki mara ya mwisho nilipokamua muhogo kwenye kitambaa.