Kipa Hodari wa Timu Isiyofunga

Juzi nilikuwa kwenye duka la dawa hapa Tarime, nikisubiri kuhudumiwa, wakaingia vijana wawili wa timu yetu ya mpira. Mmoja ni golikipa, vidole vyake vimevimba. Mwenzake, mshambuliaji, alikuwa amembebea begi.

Timu hiyo iliongoza ligi karibu msimu mzima. Sasa ligi inaelekea ukingoni nayo imekwama: kipa anaokoa kila wiki, lakini mbele hakuna anayefunga, na kupanda daraja kunatuponyoka.

Mzee aliyeketi kwenye benchi akampungia kipa mkono. "Mura, kijana wangu, wewe peke yako ndiye timu." Akamgeukia mshambuliaji. "Na wewe, goli hulioni?"

Kijana akainamisha kichwa. Kipa ndiye aliyejibu.

"Shikamoo mzee. Huyu usimlaumu. Jioni wenzetu wakiondoka, yeye hubaki kunipigia mashuti. Mikono hii kaifundisha yeye."

"Ndiyo shida yenyewe," mshambuliaji akasema taratibu. "Anadaka yote. Siku hizi nikifika golini kwa wapinzani, mguu unakuwa mzito. Naona kama ni yeye kasimama pale."

Kipa akamtazama kama mtu anayesikia habari za msiba.

"Vidole vikipona, mazoezini nitakuachia mabao mawili," akasema.

"Usiniachie," mwenzake akasema, akimfungulia chupa ya maji. "We daka. Nitafunga."

Jumapili tulitoka sare, bao moja kwa moja. Letu alilifunga yule mshambuliaji. Kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi hakuna shabiki aliyemtaja kipa, na sijawahi kumwona akifurahi vile.