Kitanda cha Fundi Nabwire

Saa moja asubuhi, mtaa wa Namuwongo, kando ya reli. Phelister Nabwire ameikumbatia gomesi ya buluu, gauni refu la mteja, kana kwamba kuna anayetaka kumnyang’anya. Cherehani yake imenyamaza. Mbele yake ameketi Sista Laker, muuguzi wa afya ya akili, daftari mapajani.

“Hofu ni ngapi kati ya kumi?”

“Nane.”

“Itie gomesi kwenye gunia la kugawa, kisha tungoje.”

Nabwire anaitia, wanangoja. Treni ya mizigo inapita kwenda Port Bell, mabati yanatetemeka.

“Na sasa?”

“Tano. Lakini usinichekee, sista.”

Nabwire, mwenye miaka 54, alitoka Busia, upande wa Kenya, mwaka 1994. Alifundishwa kwamba fundi hatupi nguo ya mteja, hata isipochukuliwa. Akazitunza zote. Mumewe alipofariki mwaka 2011, akaanza kutunza na vitambaa, vifungo, magazeti, chupa. Chumba kikajaa hadi juu. Kwa miaka sita amelala kwenye kiti.

Majirani walimwita Mama Jalala. Jumapili moja, akiwa kanisani, wakachoma magunia yake mawili.

“Nikajaza matano!” anasema, kidevu juu. “Nikawaambia, mkono wa mtu haugusi kitu changu. Nitatoa mwenyewe.”

Aliyemfanya aanze kutoa vitu ni bintiye mjamzito, Moreen. Alisimama mlangoni, akakosa pa kukanyaga. “Mama, mtoto wangu nitamlaza wapi?”

Sista Laker hamtupii vitu vyake. Kila Alhamisi Nabwire huchagua kitu mwenyewe, huandika anachoogopa, kisha hukitoa kitu hicho aone kama hofu yake itatimia. Kwa gomesi ya kwanza aliandika: “Mwenyewe atakuja, ataniita mwizi.”

Na mwenyewe akaja kweli, miaka tisa baada ya kuiacha kwa fundi.

“Nikamwambia kwa heshima, nyabo, nimeigawa. Akajishika kiuno, akacheka: ‘Mwili huu ungeingia wapi mle? Nipime upya!’”

Si kila wiki inakwenda vizuri. Wiki iliyopita alirudisha ndani chupa kumi na mbili alizokwisha kutoa. Sista Laker hakumkemea. Waliandika, wakaanza tena.

Leo nusu ya kitanda inaonekana. Moreen atajifungua Desemba, na Nabwire anataka mjukuu alale hapo.

Jirani anapita, anachungulia. “Mama Jalala, bado hujamaliza tu?”

Nabwire anaikunja gomesi ya pili ya leo, anaitia guniani.

“Njoo Desemba ujionee,” anamjibu bila kugeuka. “Na upige hodi polepole. Kutakuwa na mtoto kitandani.”