Tarumbeta la Saa Mbili Asubuhi

Dobi alikuwa na mapafu kama magunia. Kabla hajashika pasi alipuliza tarumbeta kwenye bendi ya dansi, na usiku mmoja alipuliza hadi kofia ya bwana aliyekaa mlangoni ikahama kichwa, ikaenda kutua kwa mke wa jirani. Anayebisha akaiulize kofia.

Lakini dunia ina sikio moja. Mwimbaji akikohoa tu, ukumbi mzima makofi. Dobi apulize hadi mshipa wa shingo usimame kama kamba ya kuanikia, watu wanaulizana, "Huyu naye kelele za nini?" Kinyongo kikamkaa. Ndiyo maana dukani kwake, katikati ya mvuke na mashati, haukupigwa wimbo wenye mdomo. Saksafoni za jazi, fidla za orkestra, gitaa la dansi, kinanda cha kanisani, ngoma tupu, vyote ruksa. Mtu akianza kuimba tu, Dobi anazima. "Maneno yanadanganya," husema. "Ala haijui uongo."

Ila kipenzi chake kilikuwa wimbo wake mwenyewe. Siku bendi ilipokwenda kurekodi, mwimbaji alichelewa. Fundi mitambo akachoka kungoja, akasema, "Pigeni chochote." Dobi akampigia bintiye, aliyekuwa na wiki moja duniani. Dakika tatu za furaha, tarumbeta mbele, gitaa nyuma.

Kosa alilifanya kwa mikono yake. Aliubeba mkanda hadi redioni, akambembeleza mtangazaji aupige.

"Tutaupiga kila siku, saa mbili asubuhi," mtangazaji akamwambia. "Tunatafuta muziki usio na sauti ya mtu, usije ukashindana na majina."

Dobi hakuuliza majina gani. Alirudi nyumbani akirukaruka kama ndama, kaseti ya nakala yake mfukoni.

Majina yalikuwa ya marehemu.

Miaka ishirini na minne tarumbeta lile likatangulia kila jeneza. Likianza tu, wateja wanashika vifua, mbwa wa mtaa wanafyata mikia. Muuza mkaa wa jirani akamtania, "Dobi, siku yangu ikifika pulizia pole pole, sina haraka." Dobi akacheka. Meno ni mfupa, hucheka hata penye kidonda.

Binti akaposwa. Dobi akaomba kitu kimoja tu: aingie ukumbini kwa wimbo ule.

"Baba, jamani! Ule wa vifo?"

"Ulikuwa wako kabla haujawa wao, mwanangu."

Binti akakubali.

Basi mchana wa harusi milango ikafunguliwa, tarumbeta likalia. Vijiko vikaganda hewani. Mama mkwe akashika kichwa, "Uwii! Nani katutoka?" Shangazi mmoja, bila kujua anamlilia nani, akaangua kilio, na kilio huambukiza kama miayo. Robo ya ukumbi ikatoka mbio kupiga simu nyumbani. Binti amesimama mlangoni na shada lake. Baba yake akamwashiria kwa mkono: tembea, mama, tembea.

Binti akamgeukia fundi mitambo wa ukumbi. "Zima. Weka wimbo wa watu walio hai."

Akaingia kwa wimbo wa waimbaji watano. Dobi akapiga makofi kama mgeni yeyote.

Kesho yake alivuta utepe wote wa kaseti yake, akawa anafungia marobota ya nguo za wateja. Gauni la harusi alilifua kwa mkono, akalirudisha limekunjwa, limefungwa utepe mwembamba wa kahawia. Binti akaukata kwa mkasi, akautupa. Alidhani uzi.

Dobi alipokufa, binti alipeleka tangazo redioni mwenyewe.

"Na wimbo wa tarumbeta, tafadhali. Ule wa zamani."

"Tuliufuta mwaka jana, dada," karani akasema. "Wasikilizaji walilalamika unawatisha. Siku hizi majina tunayasoma juu ya kinanda. Kwani nyumbani hamna nakala?"

Binti akafungua mdomo aseme ipo kaseti ya baba, akaukumbuka ule utepe wa kahawia na mkasi.

Saa mbili asubuhi jina la baba yake likasomwa juu ya kinanda cha mtu mwingine. Wakataja watoto, wakataja makaburi, wakasema marehemu alikuwa fundi wa kupiga pasi. Kisha wakaenda kwenye jina linalofuata.